Majina Kabla ya Minara: Bujumbura na Kumbukumbu ya Watoto Waliouawa

Neno ambalo Kiswahili kimelichagua kwa uhalifu unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote, mauaji ya kimbari, limejengwa juu ya mbari, yaani ukoo, watu wa mlango mmoja wanaohesabu nasaba yao kwa babu mmoja, na kwa hiyo linabeba jambo ambalo lugha ya sheria hulipita kwa haraka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba 1948 unazungumzia kundi la kitaifa, la kikabila, la rangi au la kidini, pamoja na nia ya kuliangamiza lote au sehemu yake. Mswahili anaposema kimbari, kinachomjia kwanza ni nyumba, wazee na wajukuu, chungu kilichoachwa mekoni na uzao uliokatika. Kirundi nacho husema ihonyabwoko, ambapo ubwoko ni ukoo na vilevile kabila, na guhonya ni kumaliza kabisa pasibaki mtu. Kwa lugha zote mbili, basi, suala la kuwakumbuka waliouawa haliwezi kuanzia kwa wanasiasa wala kwa majeshi. Huanzia kwa watoto, kwa sababu wao ndio waliokuwa waiendeleze mbari, na kwa sababu kifo chao ndicho kinachoacha ushahidi haba kuliko vifo vyote: mtoto hana kitambulisho, hana kiwanja kilichoandikishwa kwa jina lake, hana jina katika daftari lolote isipokuwa, akibahatika, lile la shule au la ubatizo.

Jiji la Bujumbura, ambalo tangu Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019 limebaki kuwa mji mkuu wa biashara, linaonyesha jinsi kumbukumbu za umma zinavyoweza kuelekea upande mwingine. Juu ya kilima cha Vugizo, mahali ambapo ziwa na mitaa ya chini huonekana vizuri, kuna kaburi lenye matao matatu la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Chini mjini kuna mnara wa mashahidi wa demokrasia, anapokumbukwa Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa na wanajeshi tarehe 21 Oktoba 1993, miezi mitatu na siku chache tu baada ya kuapishwa. Kila mwaka, katika siku hizo mbili, viongozi huweka mashada ya maua na hotuba husomwa, na hakuna mwenye akili timamu atakayesema kwamba wawili hao hawastahili. Hata hivyo mgeni anayejifunza historia ya Burundi kwa kutembea Bujumbura peke yake ataondoka akidhani kwamba waliokufa katika nchi hii walikuwa zaidi viongozi, ilhali kwa kila kiongozi aliyezikwa kwa gwaride kuna maelfu ya raia waliofukiwa usiku, bila sanda wala sala, na wengi miongoni mwao hawakuwa wamefikisha umri wa kupiga kura.

Kumbukumbu za watoto hao zipo, lakini nyingi ziko nje ya katikati ya jiji, kando ya barabara, katika viwanja vya shule na kwenye nyanda za mpakani, na kila moja ina watu wake wanaoijua na wengine wanaoipita bila kugeuza shingo. Ili kuelewa kwa nini zimetawanyika hivyo, ni lazima kurudi mwaka 1972, mwaka ambao Warundi wanauita Ikiza, kwa neno la maafa makuu kama tauni, kana kwamba hapakuwa na mkono wa mtu.

Tarehe 29 Aprili mwaka huo waasi Wahutu walishambulia maeneo ya kusini, hasa Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi, wakawaua Watutsi waliowakuta, wakiwemo wanawake na watoto. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa ukandamizaji uliovuka kabisa mipaka ya kuzima uasi, kwa kuwa uliwalenga Wahutu waliosoma na wale waliokuwa njiani kusoma: walimu, wauguzi, makarani, makasisi, wanafunzi wa chuo kikuu na wa shule za sekondari. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya watu 100,000 na 300,000 waliouawa katika miezi michache. Chombo cha mauaji hayo, kabla ya bunduki, kilikuwa orodha. Majina yalisomwa shuleni na ofisini, walioitwa wakapandishwa malori, na ambao hawakuitwa wakarudi kuketi darasani palipokuwa na madawati matupu, wakijua kwamba kesho orodha nyingine ingeweza kuletwa. Jambo hilo linapaswa kuwekwa akilini na kila anayefikiria namna ya kujenga kumbukumbu nchini Burundi, kwa sababu katika nchi hii kuita jina la kijana mbele ya wenzake hakukuwa daima tendo la heshima.

Waliouawa mwaka 1972 walipewa jina la pamoja, abamenja, yaani wahaini, na jina hilo lilikuwa na matokeo ya kisheria na ya kijamii: familia ya aliyeitwa hivyo iliweza kunyang'anywa nyumba na mali, na haikuthubutu kulia hadharani. Desturi ya Kirundi inataka msiba uwe na mwanzo na mwisho. Baada ya mazishi familia hukaa katika kipindi cha huzuni chenye miiko yake, na kipindi hicho hufungwa kwa hafla iitwayo kuganduka, ambayo Mswahili wa pwani angeiita kuvunja matanga, ambapo ndugu na majirani hukusanyika, madeni ya marehemu hutajwa, warithi hutambulishwa, na walio hai huruhusiwa kurudi katika maisha yao. Hafla hiyo haiwezi kufanyika kwa mtu ambaye haijulikani alizikwa wapi na ambaye ni marufuku kumtaja. Kwa hiyo maelfu ya nyumba za Burundi zilikaa katika matanga yasiyovunjwa kwa karibu nusu karne, na watoto waliozaliwa baadaye walikua wakiona picha iliyofichwa sandukuni, ya kijana aliyevaa sare ya shule, bila kuambiwa alikuwa nani.

Ardhi yenyewe ilianza kusema mwezi Januari 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 ili kuchunguza machafuko ya Burundi, ilipofukua makaburi ya halaiki karibu na Mto Ruvubu katika mkoa wa Karusi. Kaburi la halaiki ni shimo moja lililofukiwa watu wengi bila utaratibu wa mazishi, na katika mashimo sita tume ilieleza kwamba ilikuta mabaki ya watu 6,032, pamoja na risasi, nguo, miwani na rozari. Baadhi walitambuliwa kwa vitu hivyo. Miwani ni ushahidi wenye uzito wake, kwa kuwa katika Burundi ya mwaka 1972 aliyeivaa aghalabu alikuwa mtu wa kitabu, na anayejua ni nani waliowindwa mwaka ule hahitaji maelezo zaidi. Mwanzoni mwa mwaka huohuo tume ilitangaza kwamba ilikuwa imeorodhesha makaburi ya halaiki zaidi ya 4,000 nchini kote na waathiriwa 142,505 waliotambuliwa.

Miaka ishirini na moja baada ya Ikiza, orodha iligeuzwa upande. Habari za kuuawa kwa Ndadaye, aliyekuwa Mhutu, zilipoenea tarehe 21 Oktoba 1993, Watutsi, pamoja na Wahutu wa chama cha UPRONA, walishambuliwa vilimani katika mikoa mingi, na jeshi, likidai kurudisha utulivu, likawaua Wahutu bila kuchagua. Mahali panapojulikana zaidi ni Kibimba, katika iliyokuwa tarafa ya Giheta, kando ya barabara kuu inayotoka Bujumbura kwenda Gitega, ambapo wamisionari wa Kikwekari walianzisha kituo chao cha kwanza nchini mwaka 1934 na kuacha shule na hospitali. Siku hiyo wanafunzi na walimu Watutsi wa shule ya Kibimba walikamatwa, wakafungwa, wakaingizwa katika jengo la kituo cha mafuta na kuchomwa moto. Mkuu wa shule hiyo alihukumiwa kifo kwa kushiriki katika mauaji hayo na akanyongwa mwaka 1997 pamoja na watu wengine watano. Mmoja wa walionusurika, mwanariadha Gilbert Tuhabonye, ambaye baadaye alihamia Texas nchini Marekani na kuwa kocha wa wakimbiaji, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2006 jinsi alivyokaa kwa saa nyingi chini ya miili ya wenzake iliyokuwa ikiungua, hadi alipovunja dirisha na kukimbia gizani na majeraha ya moto.

Masalia ya jengo hilo yameachwa yasimame, na mbele yake umejengwa mnara wenye maneno ya Kifaransa, Plus jamais ça, yaani jambo hili lisirudi tena. Mabasi na malori yanayopanda kutoka Bujumbura hupita hapo kila siku. Uamuzi wa kuacha ukuta uliochomwa ulikuwa wa busara, kwa sababu hakuna sanamu inayoweza kusema kile kinachosemwa na ukuta wa kituo cha mafuta. Lakini maneno yenyewe, ambayo yameandikwa kwa lugha ambayo wapita njia wengi hawaitumii nyumbani, yanaelekezwa kwa ulimwengu zaidi kuliko kwa mama aliyempoteza mtoto pale, na mama huyo, akisimama mbele ya mnara, anatafuta neno moja tu, nalo ni jina la mwanawe. Kumbukumbu nyingine ya aina hiyo iko Bugendana, mkoani Gitega, mahali pa kambi ya Watutsi waliokimbia vilima vyao, ambapo zaidi ya watu 300, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa na waasi alfajiri moja ya Julai 1996, siku chache kabla ya mapinduzi ya Meja Pierre Buyoya. Na upande wa Wahutu yapo maeneo mengi yaliyokosa hata jiwe, likiwemo la Itaba, mkoani humohumo, ambapo wanajeshi waliwaua raia wasiopungua 170 mwezi Septemba 2002.

Buta ni habari nyingine kabisa. Katika seminari ndogo ya Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi, shule ya sekondari ya bweni inayowalea vijana wanaoweza kuwa mapadri, waasi walivamia alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, wakaingia bwenini na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa. Wavamizi walirudia amri, wakakataliwa tena, ndipo wakafyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono, na vijana arobaini wakafa wakiwa pamoja. Gombera wa seminari, Padri Zacharie Bukuru, aliandika habari zao katika kitabu, na mahali hapo pakajengwa kanisa la mashahidi wa undugu, ambapo makaburi arobaini yamepangwa kwa safu, kila moja na jina lake. Mwezi Juni 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri, wakiunganishwa na Padri Michel Kayoya, mwandishi aliyeuawa mwaka 1972, na wamisionari waliouawa Buyengero mwaka 1995.

Thamani ya Buta kwa suala linalojadiliwa hapa haiko tu katika ushujaa, ambao wahubiri wameushughulikia vya kutosha. Iko katika ukweli kwamba ni miongoni mwa mahali pachache nchini Burundi ambapo watoto wa pande zote mbili wamelala pamoja chini ya majina yao, wala si chini ya jina la tukio, na kwamba ilitokea hivyo kwa sababu wao wenyewe walikataa orodha iandikwe. Anayesoma majina yale juu ya makaburi hawezi kujua nani alikuwa Mhutu na nani alikuwa Mtutsi, kwa kuwa majina ya Kirundi hayasemi hivyo.

Majina ya Kirundi husema mambo mengine, na hapa inafaa kutua kidogo. Mrundi kwa desturi hana jina la ukoo linalorithiwa na watoto wote. Kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, ambalo wazazi hulichagua kutokana na hali ya nyumba, imani yao, ugomvi na majirani au nafasi ya mtoto katika uzao. Mtoto wa saba huweza kuitwa Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda. Mapacha huitwa Bukuru yule aliyetangulia na Butoyi yule aliyefuata. Matokeo yake ni mawili, na yote mawili yanagusa kumbukumbu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba orodha ya waliouawa iliyopangwa kwa alfabeti, kama inavyofanyika Ulaya, huivunja familia vipandevipande: baba yuko kwenye herufi H, mama kwenye N, watoto wamesambaa kutoka B hadi S, na msomaji hawezi kujua kwamba watu saba waliotawanyika ukutani walikuwa wakila sahani moja. La pili ni kwamba jina la Minani likiandikwa peke yake huuliza swali, kwa sababu hapana Minani bila wakubwa wake saba. Bukuru asiye na Butoyi pembeni yake huuliza pacha yuko wapi. Karatasi za serikali zimelijua jambo hili siku zote, ndiyo maana humwandika mtu kwa neno mwene, likifuatwa na majina ya baba na mama, kama Mswahili anavyotumia bin na binti. Ukuta wa kumbukumbu unaostahili Burundi, basi, ni ule unaoandika kwa nyumba, na kila mtoto akawekwa chini ya mwene wake.

Mahali pa karibu kabisa na Bujumbura ambapo jambo hilo lingeweza kufanywa bila utafiti wa miaka mingi ni Gatumba. Mji huo mdogo uko magharibi ya jiji, kwenye uwanda wa Mto Rusizi, kilomita chache tu kabla ya mpaka wa Kongo, na wasafiri wa Uvira huupita kila siku. Katikati ya mwaka 2004, baada ya mapigano ya Bukavu, wakimbizi Wakongo walivuka mpaka, wengi wao Wanyamulenge, yaani Watutsi wa milima ya Kivu Kusini wanaosema Kinyamulenge na Kiswahili, wakawekwa katika mahema chini ya uangalizi wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Usiku wa tarehe 13 Agosti watu wenye silaha waliivamia kambi hiyo, baadhi yao wakiimba nyimbo za dini na kupiga ngoma. Wakawapiga risasi waliokuwa wakijaribu kutoka mahemani na kuyatia moto mahema ambayo watu walikuwa bado ndani. Sehemu ya kambi waliyokaa Warundi waliorejea kutoka uhamishoni haikuguswa. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu Wakongo 152 waliouawa na 106 waliojeruhiwa; jamii ya manusura yenyewe hutaja 166. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Kundi la waasi la Palipehutu-FNL lilijitangaza kuwa ndilo lililofanya shambulio hilo, kambi ya jeshi iliyokuwa jirani haikuja kuwaokoa, na hadi leo hakuna mtu aliyehukumiwa.

Marehemu walizikwa katika kaburi la pamoja hapohapo Gatumba, na kila tarehe 13 Agosti ndugu hukusanyika huko, na vilevile Kongo, Rwanda, Marekani na Kanada, kwa maana manusura wengi walihamishiwa nchi za mbali. Mmoja wao, Sandra Uwiringiyimana, aliyekuwa na miaka kumi usiku ule na aliyempoteza mdogo wake wa kike wa miaka sita, amesimulia habari hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, na amesimama mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuzungumzia watoto katika vita. Hali hiyo ina kinaya chake: mtoto wa miaka sita aliyeuawa Gatumba anajulikana zaidi na wasomaji wa New York kuliko na wanafunzi wa Bujumbura, ambao wanaweza kufika mahali alipozikwa kwa basi moja tu na nauli ndogo. Pia ipo hatari ya kawaida kabisa, isiyo ya kisiasa, kwamba Gatumba ni ardhi ya chini; Mto Rusizi ulipofurika mwaka 2020, na ziwa lilipoendelea kupanda katika miaka iliyofuata, maelfu ya wakazi walihama, na kaburi lililo katika uwanda wa namna hiyo halipaswi kuwa mahali pekee ambapo majina yamehifadhiwa.

Nchi jirani ya Rwanda imeonyesha linalowezekana, na pia kazi inayodaiwa. Katika Kituo cha Kumbukumbu cha Kigali, Gisozi, kilichofunguliwa mwaka 2004 na ambamo wamezikwa watu zaidi ya 250,000, kuna chumba cha watoto chenye picha kubwa, na chini ya kila picha pameandikwa mambo machache: jina, umri, chakula alichokipenda, mchezo wake, na jinsi alivyouawa. Hakuna hotuba katika chumba hicho, wala haihitajiki. Mgeni anayesoma kwamba mtoto wa miaka miwili alipenda wali na chipsi huondoka na habari asiyoweza kuisahau kwa urahisi, kwa kuwa ana mtoto nyumbani anayependa vilevile. Chama cha wahitimu walionusurika, GAERG, kilifanya kazi nyingine ya subira, kwenda kilima kwa kilima kutafuta imiryango yazimye, yaani familia zilizozimika, zile ambazo hazikubakiza hata mtu mmoja wa kuwalilia wengine. Kilizikuta 15,593, zenye watu 68,871. Kitenzi hicho cha kuzima hakihitaji mkalimani kwa Mswahili. Mbali zaidi, Yerusalemu, kumbukumbu ya watoto ya Yad Vashem, iliyobuniwa na msanifu Moshe Safdie na kufunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya watoto wa Kiyahudi wapatao milioni moja na nusu, ni ukumbi wa giza ambamo mishumaa michache huzidishwa na vioo hadi ionekane kama nyota, huku sauti ikisoma jina la mtoto, umri wake na nchi aliyotoka, mmoja baada ya mwingine, mchana kutwa.

Burundi haiwezi kuiga Rwanda moja kwa moja, na sababu yake ni ya msingi. Rwanda ina tukio moja ambalo dola imelipa jina moja. Burundi ina matukio kadhaa ambayo yamepewa majina na vyombo tofauti. Ripoti ya Benjamin Whitaker kwa Umoja wa Mataifa, ya mwaka 1985, iliyataja mauaji ya Wahutu ya mwaka 1965 na 1972 miongoni mwa mifano ya mauaji ya kimbari. Tume ya kimataifa ya uchunguzi, mwaka 1996, ikasema kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vilifanyika dhidi ya Watutsi tarehe 21 Oktoba 1993 na siku zilizofuata. Tume ya Ukweli na Maridhiano, mwezi Desemba 2021, ikatangaza mbele ya Bunge kwamba ya mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Kwa mwanasheria matamko hayo hayapingani, kwani nchi moja inaweza kufanyiwa uhalifu huo zaidi ya mara moja na watu tofauti. Mitaani, hata hivyo, kila upande huchukua tamko lake na kulifanya ngao, na lililo baya zaidi ni kwamba mabishano kuhusu jina la uhalifu yameitangulia kazi ya kuandika majina ya waliofanyiwa uhalifu huo. Mtoto aliyekufa Rumonge tarehe 29 Aprili 1972 na yule aliyefukiwa Karusi wiki chache baadaye wanasubiri wakubwa wamalize kubishana, na wamesubiri zaidi ya miaka hamsini.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliosimamiwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, uliliona jambo hili mapema. Itifaki yake ya kwanza ilitaka makaburi ya halaiki yatambuliwe na marehemu wazikwe kwa heshima, iwekwe siku ya taifa ya kuwakumbuka waathiriwa, na ujengwe mnara wa taifa kwa wote. Wazo la mnara mmoja ni zuri kwenye karatasi, lakini lina udhaifu wake: mzazi wa Kibimba hapaswi kuambiwa aache ukuta wake ulioungua na kwenda kulilia mbele ya jiwe la jumla, wala mjane wa 1972 hapaswi kuambiwa kwamba maneno matatu ya kuapa kama yale ya Kibimba yanamtosha. Minara na ibaki mingi, kila mahali palipomwagika damu pawe na alama yake. Kinachopaswa kuwa kimoja ni daftari, na daftari hilo linastahili kuwekwa Bujumbura, mahali pa wazi, ambapo mwanafunzi wa Kamenge na wa Musaga, mitaa ambayo miaka ya tisini iligawanywa kwa kabila na kwa bunduki, wataweza kulifungua bila kuomba ruhusa na kusoma majina yaliyopangwa kwa nyumba, bila safu ya kabila.

Sehemu kubwa ya daftari hilo haiko Burundi, na wala haiko katika Kirundi peke yake. Waliokimbia mwaka 1972 waliishi Tanzania katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakazaa na kusomesha watoto kwa Kiswahili, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walithibitishiwa uraia wa Tanzania. Bujumbura nako, Buyenzi, mtaa wa Kiswahili na misikiti uliojulikana kwa kuwahifadhi watu wa pande zote, una wazee wake. Waliokuwa na miaka ishirini wakati wa Ikiza wamevuka sabini, na kila mwaka wanapungua. Aliye na mzazi au bibi wa umri huo, awe Buyenzi au Mishamo, aketi naye wiki hii na kalamu, amwombe majina ya ndugu zake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, wakiwemo wachanga na mapacha, na ayaandike kwa ukamilifu pamoja na la baba na la mama.